Moyo Imepasuka

Toyota Surf ya Muzamili, dereva wa abiria, ilianza kupiga mluzi mvua za kwanza zilipoanguka, na watu wa mtaa wa Awindiri, mjini Arua, hawakuupenda mluzi ule hata kidogo. Haukuwa wa mkanda uliolegea wala wa tairi linalotoa upepo. Ulikuwa mwembamba, wa kuvutavuta, kama mtu aliyejificha kichakani anamwita mwenzake na hataki wengine wasikie. Gari likisimama kando ya njia, injini ikiachwa peke yake, mluzi unaanza. Likikanyagwa mafuta, unanyamaza. Mama mmoja muuza mihogo alimwambia Muzamili usoni, "Hii gari yako inaita mutu. Ipeleke mbali na meza yangu."

Muzamili hakuipeleka mbali. Aliipeleka kwa Drateru.

Drateru alikuwa fundi. Uwanja wake ulikuwa nyuma ya nyumba yake, mabati juu ya nguzo na udongo mweusi kwa oili. Shule aliiacha mapema, na mengi aliyoyajua aliyajua kwa kuungua vidole. Jina lake lenyewe lilikuwa na kifo ndani, kama majina mengi ya Walugbara, maana mama yake alizika watoto wengine kabla ya kumpata yeye. Watu walizoea kumtania, "Mzee, wewe kifo ilishakusahau." Zamani alicheka. Tangu mkewe Evelyn afariki, hacheki.

Evelyn alikufa akisubiri gari. Ni hivyo tu, hakuna marefu. Alilala kwenye benchi la kituo cha afya, damu haikatiki, na gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mkubwa mmoja harusini. Wakubwa walikuja matangani na miwani yao myeusi, wakasema ni mapenzi ya Mungu, wakala, wakaondoka. Toka siku ile Drateru akiona gari la serikali linateremka kutoka Arua Hill kwenye ofisi za wakubwa, vioo vimefungwa, anatema mate.

Aliifungua boneti ya Surf. Aliiacha injini ikinguruma, akachukua chupa ya petroli yenye tundu kwenye kifuniko, akanyunyiza kidogo kidogo pale ambapo manifoldi ya kuvutia hewa inakalia injini. Upande wa kulia, hakuna kitu. Upande wa kushoto injini ikabadilisha sauti, ikapanda ghafla kama mtu aliyepaliwa.

"Gasketi imekufa," alisema. "Injini inavuta hewa hapa. Inaingia kwa mlango ya nyuma."

"Kwani iko na mlango ngapi?" Muzamili akauliza.

"Moja. Hii ingine ni ya wezi."

Muzamili alikuwa Mnubi wa mjini, babu zake askari waliokuja kutoka Sudani, naye maisha yake yote ni barabara ya Koboko: abiria, magunia, mbuzi. Akasema kama injini inafunguliwa, basi mzee amfanyie na mambo mengine madogomadogo. Springi nene za nyuma. Mipira mipya ya rejeta. Na feni ya umeme, maana ile ya zamani inamwangusha kwenye milima ya Maracha, katikati ya njia. Drateru akakubali yote. Malipo hakutaka. Alitaka safari moja tu.

"Kwenda kwa Patience?"

"Kwenda kumleta."

Patience alikuwa mtoto wake wa pekee. Aliolewa Koboko, mume wake anaendesha lori huko Juba, na sasa tumbo lilikuwa limefika miezi yake. Mtoto alikuwa amelala vibaya ndani. Mkunga wa kituo cha afya kule pembeni ya Koboko alimpima, akampima tena, akamwambia Drateru kwenye simu, "Mzee, presha iko juu, na moyo yake inakimbia sana. Huyu hawezi kuzalia hapa. Apelekwe Arua, apasuliwe." Akaulizwa gari la wagonjwa la kutoka Arua. Akasema halina mafuta. Akaulizwa daktari. Akasema daktari yuko semina.

Semina! Nchi hii watu wanazaa na kufa, na wakubwa wako semina wanakunywa soda.

Kwa hiyo Drateru alijua anachofunga na anachofungua. Kila bolti aliyoitoa kwenye Surf ile, alikuwa anamtoa Patience kwenye benchi.

Ijumaa asubuhi manifoldi ilikuwa imeshatoka, imelala juu ya gunia, na matundu ya injini yameachwa wazi kama midomo. Drateru aliyaziba kwa vitambaa ili uchafu usidondoke ndani, kisha akainama na kisu butu kukwangua gasketi ya zamani. Ilikuwa imeshikamana na chuma kama ngozi iliyoungua. Springi zilikuwa tayari, feni ilikuwa tayari. Bado gasketi.

Gasketi mpya zililetwa na Wani, mtu wa Yei, Sudani Kusini, aliyekimbia vita akafungua kibanda cha spea pale jirani.

"Hizi si kiwani?" Drateru akamuuliza, kwa maana Uganda hii kitu cha bandia kinaitwa hivyo.

"Mzee, mimi ndio Wani. Mali yangu haina ki."

"Ulisema hivyo na ile plagi."

"Ile plagi ilikuwa na bahati mbaya. Hata watu iko hivyo."

Drateru alizigeuza gasketi kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye kingo zake. Zilikuwa nzuri. Alikuwa karibu kutabasamu simu ilipolia mfukoni.

Ilikuwa Shamirah, dada mkubwa wa Muzamili, jirani wa Patience kule Koboko, ndiye aliyekuwa anamkalia kituoni. Nyuma yake kulikuwa na kelele, mtu analia, ndoo inaanguka.

"Baba Patience! Baba Patience! Moyo imepasuka! Moyo ya Patience imepasuka, yote imekwisha, iko chini! Wewe iko wapi? Kuja..."

Simu ikakatika.

Drateru alipiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Kile kituo hata umeme wa jua hakikuwa nao tena. Betri zake zilikwisha, mpya zikasemwa zimenunuliwa, na mpaka leo hakuna aliyeziona. Watu walichaji simu zao madukani. Namba nyingine hakuwa nayo. Ya Patience mwenyewe ilikuwa imezimika tangu juzi, na mkunga siku zote alipiga kwa namba zilizofichwa za ofisi.

Aliishusha simu polepole.

"Mzee?" Wani akasema. "Mzee, ni nini?"

"Moyo yake imepasuka."

Hakuna aliyeuliza imepasukaje. Mkunga si alishasema moyo unakimbia? Kitu kinachokimbia sana kinapasuka; fundi yeyote anajua. Mke wa jirani aliyekuwa anaanika nguo aliacha nguo, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe la kwanza. Nyumba ya pili ikaitikia. Muda mfupi uwanja ulijaa wanawake wameketi chini, na wanaume wamesimama kando na kofia mikononi.

Kwetu huku mtu akifa, redio ndiyo inayopeleka habari. Ndugu wako vijijini, hawana simu zote, lakini redio wanayo. Wani alikuwa mtu wa vitendo. Alimwinamia Drateru sikioni.

"Nichukue boda niende redio? Watu wa kwenu wasikie mapema."

"Nenda. Sema ni baba yake anatangaza. Sema wakubwa wameua tena."

"Hiyo ya wakubwa hawatasoma, mzee."

"Basi sema amekufa."

Wani akaenda. Na kwa kuwa alikuwa na haraka, na kwa kuwa tangazo la kifo halingojewi, saa saba lilikuwa limeshasomwa, kwa Kilugbara kwanza, kisha Kiswahili, kati ya bei ya ufuta na wimbo wa dini: Mzee Drateru wa Awindiri anasikitika kutangaza kifo cha binti yake Patience, kilichotokea leo katika kituo cha afya Koboko. Habari ziwafikie ndugu na marafiki wote.

Drateru alilisikia jina lake likitoka dirishani mwa jirani. Hakulia. Alikuwa amerudi kwenye gari. Alikuwa ameng'oa kiti cha nyuma, na sasa alipima sakafu kwa fimbo, mlangoni mpaka kwenye viti vya mbele, ajue kama sanduku litapita. Fimbo ilipita. Hakuwa na haraka tena. Gasketi zilikuwa juu ya pipa la mafuta, zimetulia, hazina kazi. Maiti haiwezi kuchelewa.

Muzamili alikuja kutoka swala ya Ijumaa, bado na kanzu yake nyeupe. Redio aliisikia njiani. Alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno yanayosemwa, akakaa kwenye tairi. 

"Nani amekuletea habari, mzee?"

"Dada yako. Amepiga asubuhi."

"Shamirah alimwona akifa?"

"Alikuwa pale pale. Alikuwa analia."

"Alisema nini?"

"Wewe naye! Unataka nirudie?" Drateru aliitupa fimbo chini. "Alisema moyo imepasuka. Alisema yote imekwisha, iko chini. Umeshiba sasa?"

Muzamili alisimama, na kanzu yake ikanasa kwenye ukingo wa tairi ikachanika, hakuitazama.

"Alisema moyo?"

"Moyo."

"Mzee," alisema Muzamili, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Shamirah akishtuka, Kiswahili inamkimbia. Anaongea ya nyumbani. Kwetu, kwa Kinubi, moyo ni maji."

"Maji?" Drateru akauliza.

"Maji, mzee. Ya kunywa, ya kunawa, ni moyo. Maji ya Patience ndio imepasuka. Ya uzazi. Mtoto anakuja! Alikuwa anakuita!"

Wanawake waliokuwa karibu walinyamaza kwanza. Kisha wale wa pili. Kilio kikafa mstari kwa mstari mpaka mwisho wa uwanja.  Bibi mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Tumemlilia mtu aliye hai," akainuka, akakung'uta kitenge chake, akaondoka bila kuaga. Wengine wakamfuata. Hakuna aliyetaka kubaki pale.

Drateru alikuwa ameshachukua spana.

"Wani! Rudi redio. Sema si kweli."

Wani alikwenda na kurudi wakati Drateru bado anakwangua gasketi ya zamani. Mtu wa redio alimwambia matangazo ya mchana yamekwisha, ya kusahihisha yatasomwa jioni, aandike barua. Muzamili alikuwa anapigia wenye magari anaowajua. Mmoja yuko Yumbe. Mwingine yuko njia ya Pakwach na mzigo. Wa tatu hakupokea. Gari lililokuwepo ni hili lililolala na tumbo wazi.

Drateru alivitoa vitambaa kwenye matundu, kimoja kimoja, halafu akaingiza kidole katika kila tundu kuhakikisha. Akafuta chuma. Akalaza gasketi. Yeye na Muzamili wakainua manifoldi, wakaishusha kwa pamoja, taratibu kama wanamlaza mtoto. Kisha Drateru akaanza kufunga, bolti za katikati kwanza, kwenda pembeni, kidogo tu. Halafu tena katikati, kwenda pembeni.

"Mzee, kaza tu twende!" Muzamili akasema.

"Nikikaza ovyo itauma upande. Itavuta hewa Maracha na tutalala huko."

"Anazaa sasa hivi!"

"Sijui? Mimi sijui?" Bolti ikamponyoka ikaingia katikati ya injini, mahali pa giza. Aliinama na sumaku iliyofungwa kwenye waya. Alitafuta, jasho linamwingia machoni, na Muzamili akageuka ukutani kwa sababu hakuweza kutazama. Sumaku ikagusa. Ikapanda na bolti. Drateru akaifuta kwenye suruali, akaendelea pale alipoachia, katikati kwenda pembeni. Hakuruka hata moja.

Injini iliwaka mara ya kwanza, ikakohoa, ikatulia. Hakukuwa na mluzi. Waliobaki walitega masikio wausikie, na hawakuusikia.

Wakatoka.

Lami ya Koboko ni nzuri, kitu kimoja ambacho wakubwa walisahau kuharibu. Muzamili aliendesha. Drateru alikaa mbele na mikono juu ya magoti, nyuma yake sakafu tupu na godoro lililotupwa haraka. Feni mpya ilivuma vizuri. Gari lilipanda milima bila kulalamika, na kwa fundi hakuna sauti nzuri kama hiyo, lakini kila kilima kilichopita alikuwa anasikia tangazo lile likisomwa tena, kwa Kilugbara kwanza.

Mbele ya Maracha waliliona gari la wagonjwa.

Lilikuwa limeegeshwa chini ya kivuli, milango ya nyuma wazi, likitazama Arua. Watu wawili walikuwa wanapakia magunia ya makaa pale ambapo mgonjwa hulala. Dereva, mtu mnene aliyeitwa Anguzu, wote walimjua, alikuwa anabishana na muuzaji.

"Simama," Drateru akasema.

Muzamili alisimamisha. Drateru alitoa kichwa dirishani.

"Anguzu! Hii gari si haina mafuta?"

"Ah, mzee! Leo imepata." Anguzu alikuja akipangusa mikono, anacheka. "Mkunga wa Koboko alisumbua mkubwa mpaka akachoka. Asubuhi wakatoa mafuta. Nilikuwa nakwenda kuchukua mama moja wa kuzaa."

"Kwa nini unarudi?"

"Nilikuwa nishafika hapa. Mkubwa akanipigia, rudi, huyo amekufa. Usichome mafuta ya serikali kwa maiti. Basi nikasema nisirudi mikono mitupu, makaa ya huku ni rahisi."

"Mkubwa alijuaje amekufa?"

"Redio imesema."

"Na redio ilijuaje?"

Anguzu aliacha kucheka. Labda aliuona uso wa mzee.

"Mzee, kama ni redio inaweza kukosea, tungeuliza. Lakini ni baba yake mwenyewe ametangaza."

Makaa yalimwagika kutoka kwenye gunia moja, yakabingirika mpaka lami. Hakuna aliyeinama kuyaokota. Drateru alirudisha kichwa ndani.  Aligonga mlango kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu.

"Endesha."

Nyuma yao Anguzu alikuwa amesimama katikati ya barabara na simu sikioni, anampigia mkubwa aulize, na mkubwa hapokei.

Walimkuta Patience sakafuni kwenye korido, juu ya mkeka, Shamirah anampepea kwa kipande cha boksi. Alikuwa hai. Uso wake ulikuwa wa majivu, midomo imekauka, na macho yalikuwa yanatazama dari kama ya mtu anayehesabu mabati. Hakugeuka baba yake alipomwita.

"Mbona umechelewa hivi?" Shamirah akafoka, analia. "Mimi napiga asubuhi! Tunaambiwa gari ya serikali iko njiani, tunafurahi. Halafu simu zote zimezimika, na redio ya mkunga inasema Patience amekufa. Yeye hapa anasikia! Anasikia jina yake! Tunamwambia ni uongo, yeye ananyamaza. Anaacha kusukuma. Anaacha kila kitu."

Mkunga aliweka kikombe chake cha kusikilizia mtoto juu ya tumbo, akainamisha sikio, akahamisha, akainamisha tena. Hakutaka kumwangalia mtu yeyote. "Mubebe," alisema. "Mubebe sasa."

Walimbeba kwa mkeka wake. Aliingia pale alipong'olewa kiti, miguu ikaenea vizuri, na Shamirah akakaa naye akimshika kichwa. Surf haikukohoa mara moja. Gasketi zilishika, mipira ilishika, springi mpya zilimeza kila shimo, mgonjwa hakurushwa. Ni kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya Drateru, na alikaa mbele akiisikiliza njia nzima kama mtu anayesikiliza hukumu.

Hospitali kubwa walimpokea kwa kukimbia. Hiyo lazima isemwe. Walimpasua jioni ileile. Patience akapona. Mtoto alikuwa wa kike, mkubwa, mwenye nywele nyingi, na hakulia. Daktari, kijana, alisema mtoto alichoka kungoja. Alisema saa moja au mbili mapema ingekuwa habari nyingine. Kisha akaomba radhi, kana kwamba kosa ni lake.

Kesho yake jioni, Drateru alipoingia kumwona, Muzamili aliingia naye, bado na kanzu yake iliyochanika. Patience alikuwa amelala upande, shuka mpaka shingoni. Alinyoosha mkono nje ya shuka, akamshika baba yake vidole viwili, vile vyeusi vya oili.

"Baba."

"Mimi hapa."

"Kule redioni. Walisema ni wewe ulitangaza." Alivuta pumzi. "Ni wewe ulisema nimekufa?"

Muzamili alitazama chini. Nje, kwenye korido, kitoroli kilipita kikilia magurudumu, kikaenda mbali.

"Ni watu wa redio," Drateru akasema. "Watu wa redio na hao wakubwa wao. Hawaulizi mutu. Wanasema tu."

Patience aliendelea kumshika vidole. Alimtazama, halafu akafunga macho.

"Wani ndiye aliyewapelekea," alisema. "Wani amekuja hapa mchana huu, ameniomba msamaha. Ameniambia nani alimtuma."

 Muzamili alisema anakwenda kuangalia gari, akatoka, akafunga mlango taratibu nyuma yake.